Ugali Mweusi Nao Ni Ugali

Alhamisi iliyopita mzee mmoja mwenye kisukari aliketi mbele yangu, akatoa simu na kunionyesha picha ya chakula alichokula hotelini mchana ule: samaki wa kukaanga, sukuma kiduchu pembeni, na mlima wa ugali wa wimbi wa kuwatosha watu watatu. Kisha akafungua daftari lake. Saa mbili baada ya kula, sukari ya damu 15.6 (milimoli kwa lita), juu mno. Nikamuuliza, "Mzee, na huu ugali?" Akanitazama kwa huruma. "Daktari, huo ni mweusi."

Alikuwa wa tatu wiki hiyo kuamini kwamba ugali mweusi haupandishi sukari. Wa kwanza alikuwa mama anayeuza nguo soko la Gikomba. Wa pili, kijana wa ofisini aliyeacha mkate, wali na hata sukari ya chai, lakini kila siku saa saba anateremka kula ugali mweusi na maharagwe, kisha anaishangaa mashine ya kupimia sukari. Nimelijibu jambo hili kwa upole kwa miaka. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Kusahihisha nako nimechoka.) Leo upole umeisha.

Unga wa mahindi, gramu 100, una wanga wa gramu 75 hivi. Wimbi, gramu 70 na kitu. Mtama uko papo hapo. Na ule ugali wa kwetu magharibi, wa mtama uliochanganywa na muhogo, ndio unaodanganya kuliko yote, kwa sababu muhogo uliokaushwa na kusagwa ni wanga karibu mtupu, hata kama sahani inaonekana nyeusi tii. Rangi ya wimbi iko kwenye ganda. Ndani ya ganda kuna weupe uleule, na ukishameng'enywa unakuwa glukosi ileile.

Mwaka jana nilibeba mizani yangu ya jikoni nikaenda nayo kwenye hoteli tatu za karibu na kazini. Katika ya kwanza mwenyewe alidhani natoka kanjo, akataka kuninunulia soda. Sahani yake ya ugali mweupe ilikuwa gramu 380. Ya ugali mweusi, gramu 450, kwa sababu ule mweusi ni mzito na mpishi hukata kwa jicho. Hoteli nyingine mbili hazikutofautiana sana na hiyo. Sasa, ukisonga kwa kipimo cha kawaida, unga sehemu moja kwa maji sehemu mbili, gramu 100 za ugali hubaki na wanga wa gramu 25 hadi 28. Piga hesabu: sahani ile nyeusi ina zaidi ya gramu 110. Anayefuata mlo wa wanga mdogo kwa kawaida hujiwekea mpaka wa gramu 130 kwa siku nzima, na walio wakali na nafsi zao hushuka hadi 50 au hata 20. Yaani mzee wangu, aliyekataa kijiko kimoja cha sukari kwenye chai ya asubuhi, mchana alikula vijiko zaidi ya 25 na kuvisindikiza na samaki.

Najua kuna mwenzangu wa taaluma anayesoma hapa akiwa amekunja uso, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Wimbi ni chakula kizuri. Una kalisi nyingi ajabu, miligramu 340 hivi kwa gramu 100, na kwa kuwa husagwa pamoja na ganda lake, una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga wa mahindi uliokobolewa. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kwa hiyo ndiyo, kuna watu ambao kwa kiasi kilekile cha wanga, mweusi huwapandisha polepole kidogo. Lakini kuna wengine sijaona kwao tofauti yoyote, na vipimo vilivyofanywa na wataalamu havikubaliani pia, kwa sababu mambo ni mengi: unga umesagwa laini kiasi gani, ugali ni mgumu au mlaini, umeliwa wa moto au umelala. Kinachozuia kasi hasa ni punje nzima ambayo tumbo lazima lihangaike nayo. Ukishaipeleka punje hiyo kwenye mashine ikatoka kama poda ya mtoto, kazi ya tumbo umeshaifanya wewe.

Halafu kuna ile namba ya GI, ya kupima chakula kinavyopandisha sukari ya damu, ambayo kila mtu ananitajia siku hizi kana kwamba ni hirizi. David Jenkins na wenzake kule Toronto waliianzisha mwaka 1981, na ni kifaa kizuri ukijua kilivyotengenezwa. Kila chakula hupimwa kwa kiasi chenye wanga wa gramu 50. Kwa ugali, gramu 50 za wanga ziko kwenye kipande cha gramu 190 hivi, ambacho hakifiki nusu ya ile sahani nyeusi ya hotelini. Namba hiyo haijui wewe umekula kiasi gani. Ukila chakula cha GI ya chini mara mbili zaidi kwa sababu "hakina neno", utajikuta palepale, au pabaya zaidi. Ndilo lililomkuta mzee: mweupe alikuwa akiuogopa, akila kidogo. Mweusi aliupa ruhusa.

Haya, tutoke basi tukale.

Ukiniuliza mahali rahisi kwa mtu wa wanga mdogo Nairobi, nitakupeleka kwenye nyama choma, Kenyatta Market au Kariokor. Nyama haina wanga. Kachumbari ina kidogo mno, sukuma na managu vilevile, na avokado nyingi ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Shida huanza ubao unapofika mezani na ugali umeshakatwa juu yake. Watu huniambia, "Nitauacha tu." Hauachwi. Unaongea, unacheka, mpira uko kwenye televisheni, na mkono wako hauna habari na daktari wako. Sema kabla, wakati wa kuagiza: kachumbari mara mbili, sukuma mara mbili, ugali usiletwe kabisa au uletwe kipande cha ukubwa wa ngumi. Mhudumu atakuuliza utashiba na nini. Kila mara huuliza. Mimi mwenyewe nimeulizwa, na nyuma yake foleni nzima ikanigeukia kama mtu aliyeagiza chai bila maji.

Ukiwa na kipande chako cha ngumi, kiliwe mwisho. Mboga na nyama kwanza, ugali baadaye. Kuna tafiti ndogondogo zilizoonyesha kwamba mpangilio huo hupunguza kilele cha sukari, na kwa wagonjwa wangu wengi nimeuona ukifanya kazi. Kisha tembea dakika 15 kabla ya kupanda matatu. Ni hatua za bure.

Mengine haraka. Mchuzi wa kuku wa hotelini huwa na waru, na wakati mwingine umetiwa unga ili uwe mzito, kwa hiyo agiza kuku wa kukaanga mkavu. Chapati moja ina wanga wa gramu 40 hivi, na chapati ya brauni ni chapati. Mukimo ni wa kijani lakini si mboga, ni waru na mahindi yaliyopondwa na majani ya malenge. Juisi ya embe "bila sukari" imetengenezwa kwa embe, na embe ndilo lenye sukari. Chai ya maziwa isiyo na sukari kunywa, ila ujue maziwa yenyewe yana gramu 5 hivi kwa kila mililita 100. Kikombe kimoja si neno, vinne ni hesabu nyingine. Chips sina la kusema.

Kibanda ndicho kinachoniumiza kichwa. Ni rahisi mimi kumwambia mtu wa mjengo aache ugali, lakini ugali ndio unaomfikisha jioni, na nyama ya kuujazia ule upungufu hana pesa zake. Kwa hiyo kwake simtajii gramu 50. Namwambia nusu ya ugali aliouzoea, maharagwe au ndengu badala ya waru, sukuma aongezewe, na mayai mawili ya kuchemsha kutoka kwa yule wa mkokoteni, au omena zikiwepo. Maharagwe nayo yana wanga, na wapo watu wa mlo huu ambao hawayagusi. Lakini yana nyuzinyuzi na protini, hupandisha polepole, na mtu aliyeshiba maharagwe harudi saa kumi kutafuta mandazi. Wenzangu wa msimamo mkali hawapendi nikisema hivi. Waje wakae kliniki siku moja.

Sasa sehemu ambayo haina mzaha. Kama unameza metformini peke yake, kupunguza ugali hakutakuangusha. Lakini kama unatumia glibenklamidi, glimepiridi au gliklazidi, au unadunga insulini, hasa ile ya mchanganyiko wa 30/70, dawa hiyo ilipimwa kwa mtu anayekula wanga. Ukiamka asubuhi umeamua leo ni nyama na sukuma tu, dozi ikabaki ileile, sukari itaporomoka. Zungumza na daktari wako kwanza, dozi ipunguzwe, ndipo uanze. Na wanaotumia empagliflozini au dapagliflozini wasikate wanga kwa pupa hata kidogo, kwa sababu wanaweza kupata tindikali ya ketoni kwenye damu huku mashine ikionyesha sukari isiyotisha. Hapo utatapika na kuhema, na watu watasema ni nyama mbaya.

Hotelini kuna mtego mwingine: unadunga insulini ukiagiza, halafu chakula kinakaa jikoni dakika 50. Ngoja uone sahani inakuja, au angalau umuulize mhudumu ukweli, ingawa jibu lake siku zote ni "dakika tano". Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona mambo hayaeleweki, pima. Ikiwa chini ya 4, au huna mashine, kunywa nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Hiyo ni gramu 15 hivi za sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Soda isiyo na sukari haitakusaidia, na kipande cha nyama hakitakusaidia, hata kama jamaa zako wote mezani wanakusukumia. Pombe nayo huzidisha: ini likishughulika na pombe huacha kutoa sukari yake, na anayekunywa jioni bila wanga huku akitumia dawa hizo anaweza kuanguka saa tisa usiku akiwa amelala. Wa nyumbani hudhani amelewa tu.

Na kuna mambo ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo. Nyama nyingi hupandisha sukari pia, ila kwa kuchelewa. Nimeona mtu akila karibu kilo ya mbuzi bila ugali, saa mbili baadaye yuko 7.1, tunashangilia, saa tano baadaye yuko 10.8. Protini nyingi hugeuzwa glukosi polepole, mafuta huchelewesha tumbo, na kile kipimo cha saa mbili tunachokisifu hakioni kitu. Kwa anayedunga insulini sina kanuni nzuri ya kumpa. Namwambia apime mara moja au mbili saa nne au tano baada ya mlo wa namna hiyo, ajijue. Vijiti vya kupimia si vya bure, najua.

Pia nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba nusu ya nguvu ya chakula itoke kwenye wanga, mgonjwa wa kisukari akiwemo, nami nikawafundisha wengine. Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kurekebisha sukari. Nilibadilika. Lakini tafiti zilizojumlishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba faida inayoonekana wazi miezi 6 ya kwanza hufifia mwaka ukiisha, na nadhani najua kwa nini: krismasi, matanga, mahari, mama mkwe. Nani atamkatalia mama mkwe chapati? Na kwa mwenye figo zilizoanza kuchoka, milima ya nyama simshauri kabisa.

Mzee wangu alirudi jana. Nilikuwa nimempa kazi: siku mbili, hoteli ileile, samaki yuleyule, ugali ukubwa wa ngumi, siku ya kwanza mweupe na ya pili mweusi. Mweupe, 9.4. Mweusi, 8.9. Akaweka daftari mezani na kukiegemea kiti. "Unaona, daktari?"

Nikamwambia tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la mashine yenyewe, ambayo inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 juu au chini na bado ikaitwa nzuri. Nikamwonyesha 15.6 ya Alhamisi. Mweusi uleule, mzee, ila mlima. Akasema ameelewa, kisha akaniambia mkewe ameshanunua unga wa wimbi kilo 10. Anaupenda, anakula ngumi moja, namba ni nzuri. Sikuongeza neno.