Hanang haikulipuka

Tope lilipoufunika mji mdogo wa Katesh na kijiji cha Gendabi, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, watu wengi walisema volkano imeamka. Si ajabu: Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, kweli ni mlima wa volkano. Lakini siku ile haukutoa moto, majivu wala lava.

Kilichotokea ni hiki. Mvua kubwa zilinyesha, na miamba dhaifu ya mlimani ikanywa maji hadi ikaelemewa. Sehemu ya mlima ikameguka. Udongo, mawe na magogo vikafuata njia za maji kuteremka, vikizidi kunenepa kila vilipopita, hadi vikafika kwenye nyumba na maduka. Zaidi ya watu 80 walikufa.

Kosa hili si dogo. Anayeogopa volkano husubiri moshi kileleni, na mlima ukitulia hulala usingizi. Vya kuchungwa ni mvua ya siku nyingi, nyufa mpya mteremkoni, na kijito kinachogeuka tope ghafla au kukauka wakati mvua bado inanyesha. Makorongo yanayoonekana makavu wakati wa kiangazi, ambako viwanja vya kujenga huvutia watu, ndiyo barabara ya tope.