Asali ya Tabora na mwenye kisukari

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kwenye kliniki ya kisukari, hapa Tabora mjini, halihusu ugali wala vidonge. Linahusu asali. Mtu ameambiwa ana kisukari, amekubali kuacha soda, amekubali kunywa chai kavu, halafu anashusha sauti na kuniuliza: "Lakini asali si ruksa, daktari?" Wengine hawaulizi kabisa. Chupa tayari ipo nyumbani, wameuziwa kama dawa, na wananyweshwa vijiko viwili asubuhi, viwili jioni.

Imani hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Huu ni mkoa wa asali. Misitu ya miombo ya Sikonge, Kaliua, Urambo na Uyui imetundikwa mizinga tangu enzi za mababu, chuo cha ufugaji nyuki kipo hapa hapa Tabora, na mgeni akiondoka bila chupa ya asali anaona kama hajafika. Tumekua tukilambishwa asali kwa kikohozi na kupakwa tukiungua. (Na hapa niseme moja kwa akina mama: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini kwa kichanga zinalegeza misuli hadi ashindwe kunyonya na hata kupumua.)

Jibu langu kwa mwenye kisukari ni hili: asali ni sukari. Haijalishi imetoka kwenye mzinga wa gome au wa kisasa, ni mbichi au imechujwa, ni nyeusi au ya rangi ya dhahabu.

Tuangalie kilichomo. Katika gramu 100 za asali, kama gramu 80 ni sukari, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Sukari zake kuu ni mbili: fruktosi, ambayo ni karibu gramu 38, na glukosi, karibu gramu 31. Vitamini na madini yapo, ila kwa kiasi kidogo sana. Mchicha au matembele ya mchana mmoja yanakupa zaidi. Sasa chukua kijiko kikubwa cha chakula. Ukikijaza sukari nyeupe unapata gramu 12 au 13. Ukikijaza asali, kwa kuwa ni nzito, unapata kama gramu 21, na ndani yake gramu 17 hivi ni sukari. Kwa hiyo anayebadilisha kijiko kwa kijiko, akidhani amejiokoa, ameongeza sukari.

Ukila, wanga na sukari za chakula vinavunjwavunjwa, na glukosi inaingia kwenye damu. Kongosho likihisi imepanda linatoa insulini. Insulini ndiyo inayoifanya misuli ipokee glukosi, na ndiyo inayoliambia ini liache kumwaga sukari yake kwenye damu. Katika kisukari aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho watu wazima wengi wenye kisukari, insulini ipo ila mwili hauisikii vizuri, na miaka ikienda kongosho linachoka na kutoa kidogo. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho limeacha karibu kabisa kutengeneza insulini. Glukosi ya asali haihitaji hata kuvunjwa. Iko tayari, inapita moja kwa moja. Fruktosi inapitia kwenye ini kwanza, ndiyo maana asali haipandishi sukari kwa kasi ile ile ya glukosi tupu. Lakini ukilinganisha asali na sukari ya mezani, tofauti ya kasi ni ndogo, na aina nyingine za asali hazina tofauti yoyote ya maana.

"Mbona mimi inanisaidia?" Hili nalisikia kutoka kwa watu wakweli kabisa, na nalipa uzito wake. Mzee mmoja mfugaji nyuki kutoka upande wa Sikonge alikuja na daftari lake, limepigwa mistari kwa rula, kila siku na namba yake ya sukari (milimoli kwa lita ya damu): 6.9, 7.2, 6.8, 7.4. Mwandiko mzuri, hakuna siku aliyoruka. "Ona, daktari, na asali nakula kila siku." Nikamjibu, "Mzee wangu, daftari hili ni zuri kuliko mengi ninayoyaona. Hizi namba unapima saa ngapi?" Alikuwa anapima alfajiri tu, kabla ya kula. Kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 hivi iliyopita kilikuwa asilimia 8.2, wakati kwa wagonjwa wengi tunalenga chini ya 7. Daftari na maabara havikupatana.

Nilimwomba jambo moja: aendelee kula kama kawaida, ila apime pia saa 2 tangu aanze kula kifungua kinywa. Aliporudi, ukurasa mpya ulikuwa na safu mbili. Asubuhi 7.0, baada ya uji wa mahindi wenye asali 14.3. Asubuhi 6.8, baada yake 13.6. Siku moja mkewe alimpa uji wa karanga bila asali, na mayai, akapata 9.1. Sikuhitaji kumhubiria. Aliiangalia ile 9.1 muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

Siri yake ilikuwa kwenye vidonge. Alikuwa anatumia metfomini, tena kwa uaminifu, na metfomini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari, hasa usiku. Basi alfajiri namba inapendeza, na sifa zote zinaenda kwa asali iliyolambwa jana. Wengine siri yao ni kwamba siku walipoanza asali ndiyo siku walipoacha soda na andazi, wakaanza kutembea hadi shambani badala ya kupanda bodaboda. Sukari imeshuka kweli, ila aliyeishusha si yule anayeshukuriwa.

Ukitaka kujua chakula chochote kinakufanya nini, kiwe asali, embe, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), wali au ugali wa muhogo, fanya kama yule mzee: pima kabla ya kula, pima tena saa 2 tangu uanze kula. Wengi wetu tunataka kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, na baada ya kula isizidi 10. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua, kwa hiyo usitawanye. Chagua mlo mmoja unaokutia shaka, upime kwa siku 3, umalize nao, kisha uhamie mwingine.

Kuna swali la nyuki wadogo, na lina haki yake. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina bei kubwa kuliko ya nyuki wakubwa, ina uchachu, na wauzaji huiita dawa ya kisukari bila kupepesa macho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walieleza kuwa asali ya aina kadhaa za nyuki wasiouma wa Australia, Malaysia na Brazil ina sukari adimu iitwayo trehalulosi, ambayo huingia kwenye damu polepole. Ni ugunduzi wa kweli na unanifurahisha. Ila nyuki wa miombo yetu hawakuwamo katika utafiti huo, na hata trehalulosi mwisho wake huvunjwa kuwa glukosi na fruktosi. Kuingia polepole si sawa na kutoingia. Anayekuuzia chupa hiyo kwa ahadi ya kukuponya kisukari anakuuzia kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha.

Kama tatizo lingekuwa kijiko kwenye uji tu, nisingeandika kwa urefu huu. Kinachoniumiza ni pale asali inapochukua nafasi ya dawa. Mchanganyiko wenyewe mnaufahamu: asali, mdalasini, kitunguu saumu, labda na unga wa mlonge, na sharti la muuzaji kwamba "dawa za hospitali uziache kwanza ili hii ifanye kazi." Mwenye aina ya pili akiacha vidonge anaweza kukaa wiki na miezi sukari ikiwa juu, akijiona mzima, huku macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu vikiharibika kimyakimya. Kwa mtoto mwenye aina ya kwanza hatuzungumzii miezi. Tunazungumzia siku, na pengine hazifiki 2. Bila insulini mwili wake hauwezi kutumia glukosi hata ikiwa imejaa kwenye damu, unaanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo yanazalisha ketoni, ambazo ni tindikali. Anakuwa na kiu isiyokatika, anakojoa sana, anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu na kwa kina kama aliyekimbia, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ndugu huona ni malaria, au ni mambo ya kurogwa. Mzazi, ukiona hivyo kwa mtoto, awe anajulikana ana kisukari au hajulikani, mpeleke hospitali usiku huo huo na useme wazi, "Naomba apimwe sukari." Hadi leo hakuna kinachochukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyo. Kabla ya mwaka 1922, alipochomwa sindano ya insulini mgonjwa wa kwanza kule Toronto, Kanada, watoto wa namna hii walikufa karibu wote, na kwenye nchi za asali walikufa vilevile.

Baada ya yote hayo, ipo saa ambayo mimi mwenyewe natafuta asali haraka. Ni pale sukari inaposhuka chini ya 4. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, anaweza kuanguka kwenye shimo hilo akichelewa kula, akilima tangu alfajiri na tumbo tupu, au akinywa pombe bila chakula. Anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, njaa ya ghafla, anakuwa mkali bila sababu au anaongea yasiyoeleweka. Hapo apewe kijiko kikubwa kimoja cha asali, kile kile chenye gramu 17 za sukari, au vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji. Subirini dakika 15, mpime tena. Bado iko chini ya 4? Rudieni. Ikipanda, ale chakula cha kawaida, maana asali itamwinua kwa muda mfupi tu. Na kwa wanaofunga Ramadhani: sukari ikishuka chini ya 4, fungua muda huo huo, hata kama adhana ya magharibi imebaki robo saa.

Ila aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Itaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, na safari ya kituo cha afya ianze. Atapata glukosi kwa mshipa.

Kuhusu vidonda nitasema kwa ufupi. Ni kweli asali inazuia bakteria, na hospitali nyingine duniani hutumia asali kwenye vidonda, ila ile imesafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za vijidudu. Ya sokoni haijasafishwa hivyo. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, hata kidogo kisichouma (na hasa kisichouma, kwa sababu ganzi imeshaingia), kionwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Ukikipaka asali na kukifunga kitambaa wiki nzima, unaweza kufika kwetu wakati wa kukata.

Kwa hiyo asali usiile kabisa? Sisemi hivyo. Kama sukari yako imetulia, kijiko kimoja cha chai, ambacho kina kama gramu 6 za sukari, kinaweza kuingia kwenye mlo wenye maharage au karanga na mboga, mradi kimechukua nafasi ya kitu kingine kitamu na hakijaongezwa juu yake. Mtu asiwe wa kulamba asali kutwa, asubuhi kikohozi, mchana "nguvu", usiku usingizi.

Kundi linalonipa mawazo zaidi ni warina asali wenyewe, wanaoenda kambini porini msimu wa mavuno wakala masega kama chakula. Ninyi bebeni unga, maharage na dagaa vya kutosha siku zote mtakazokaa, mle kabla ya kupanda miti, ili njaa isiwakute mkiwa na sega mkononi. Dawa ziende nanyi zote, na mashine ya kupimia. Mwenzako mmoja kambini ajue una kisukari na ajue dalili za kushuka. Vaa buti zilizofungwa, na kila jioni kagua nyayo kwa tochi, maana mwiba usiousikia unaweza kukaa humo siku kadhaa. Anayetumia insulini asiiache kwenye begi lililotundikwa juani wala karibu na moto wa kambi: chupa iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, uingizwe kwenye chungu kidogo, chungu hicho kiwekwe ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa katikati, kivulini, na mchanga uongezwe maji asubuhi na jioni.