Bustani za Universal: yanayosemwa na ukweli wake

"Studio hujenga bustani ili kuuza filamu zake"

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo inayopotosha zaidi. Ukiitazama Universal, studio ya filamu ya Marekani, kwa makini, utaona kwamba bustani zake za burudani zilikua kwa kasi pale zilipoanza kutegemea hadithi za watu wengine.

Filamu za Harry Potter ni za Warner Bros. Universal ilichukua leseni, na Juni 2010 ikafungua kijiji cha Hogsmeade, kinachotoka kwenye hadithi hizo, ndani ya bustani yake ya Islands of Adventure, huko Orlando, Florida. Wageni wakafurika. Mwaka 2014 ikaongeza mtaa wa Diagon Alley, lakini haikuujenga pale pale: iliuweka katika bustani ya pili, Universal Studios Florida, kisha ikaziunganisha mbili hizo kwa treni. Kuipanda treni hiyo lazima uwe na tiketi ya bustani zote mbili. Tena mandhari unayoyaona dirishani wakati wa kwenda si yale ya kurudi, kwa hiyo mgeni anataka kuipanda mara mbili. Mitaani wanauza fimbo za uchawi: ukiipunga juu ya alama iliyowekwa chini, vitu vilivyo kwenye dirisha la duka vinaanza kucheza. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye akili yote ya biashara hii. Usafiri na hata ununuzi wenyewe vimegeuzwa kuwa sehemu ya hadithi.

Mfano mwingine ni Spider-Man na Hulk, mashujaa wa kampuni ya Marvel. Disney iliinunua Marvel mwaka 2009, lakini mashujaa hao bado wako Islands of Adventure kwa sababu ya mkataba uliosainiwa mwaka 1994. Na Super Nintendo World, iliyofunguliwa mwaka 2021 ndani ya bustani ya Universal huko Osaka, Japani, imetokana na michezo ya video.

"Universal iliiga Disney"

Disneyland ilifunguliwa Julai 1955. Carl Laemmle, mwanzilishi wa Universal, alikuwa ameifungua studio ya Universal City, California, tangu Machi 1915, na aliwatoza watu senti 25 waje kutazama filamu zikirekodiwa. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo wageni waliweza kushangilia na kuzomea watakavyo. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kelele zile zile zikawa kero na wageni wakazuiwa. Ziara zilirudi mwaka 1964, safari hii kwa magari maalumu yanayopita katikati ya studio. Disney anastahili sifa ya kujenga ulimwengu mzima kwa ajili ya mgeni, lakini kumuuzia mtazamaji kiingilio cha studio ni jambo ambalo Laemmle alilifanya mapema zaidi.

"Zote ni mali ya Universal"

La. Ile ya Singapore ni ya kampuni ya Genting. Ya Beijing, iliyofunguliwa 2021, hisa zake nyingi ziko mikononi mwa makampuni ya serikali ya China. Hata ya Osaka, Comcast, wamiliki wa Universal, walinunua asilimia 51 mwaka 2015 na kuichukua yote mwaka 2017.

"Ukiwa na jina kubwa, faida inakuja yenyewe"

Siku Universal Studios Florida ilipofunguliwa, 7 Juni 1990, mitambo yake mikubwa iligoma na wageni wakaondoka na hasira. Mchezo wa safari ya papa wa filamu ya Jaws ulifungwa mwaka huo huo ukajengwa upya, na haukurudi hadi 1993. Bustani ya Epic Universe, iliyofunguliwa Orlando Mei 2025, inatajwa kugharimu takribani dola bilioni 7. Na mwezi mmoja kabla yake, mradi wa bustani mpya ya Universal huko Bedford, Uingereza, ulitangazwa rasmi, milango ikitarajiwa kufunguliwa 2031. Kwa miaka yote hiyo hapo katikati, pesa zitatoka tu bila tiketi hata moja kuuzwa getini.