Toronto 2016: usiku The Revival na #DIY walipoonyesha mieleka ya timu ni nini

Nikiombwa onyesho moja la kumwonyesha mtu anayeamini kwamba mechi za wawili wawili ni za kupotezea muda mpaka bingwa mkubwa apande ulingoni, sisiti: NXT TakeOver: Toronto, Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 2016, ukumbi wa Air Canada Centre. Kwetu ilishaingia alfajiri ya Jumapili. Usiku ule kulikuwa na mechi tano, mbili kati yake za timu, na moja ya hizo mbili ndiyo mechi ya timu iliyonishika kuliko zote nilizowahi kuziona WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani. Nimeitazama upya wiki hii, mara hii nikisimamisha picha kila baada ya tukio, na msimamo wangu haujayumba.

Kwa asiyeifahamu, NXT ya wakati ule ilikuwa tawi la WWE la kulea vipaji, lenye makao yake Florida, na TakeOver ndiyo yalikuwa maonyesho yake makubwa. Mara nyingi yaliwekwa usiku wa kuamkia onyesho kubwa la WWE yenyewe, mjini hapohapo. Toronto ilitangulia Survivor Series, na kesho yake katika ukumbi uleule Goldberg alimmaliza Brock Lesnar kwa dakika 1 na sekunde 26. Dunia ikazungumzia hilo tu. Mashabiki wengi, hata wale wanaokesha vibanda umiza, wanaukumbuka mji ule kwa Goldberg, na walichokifanya vijana wanne wa The Revival na #DIY usiku uliotangulia kikabaki kwa sisi wachache tunaopenda mechi za timu.

Kabla sijafika kwao, nieleze kwanza mechi ya timu inavyofanya kazi, maana bila hapo utaona watu wanne wakirushana tu.

Sheria inayobeba kila kitu ni hii: asiye na zamu anasimama nje ya kamba, kwenye kona ya timu yake, akishika kikamba kifupi kilichofungwa pale, na haruhusiwi kuingia mpaka mwenzake amguse mkono. Ulingo wa WWE una futi 20 kila upande. Katika eneo hilo dogo, wabaya wa hadithi wana kazi moja, nayo ni kumtenga mtu mmoja wa upande wa pili, kumburuta hadi kwenye kona yao, na kuhakikisha mkono wake haufiki kwa mwenzake. Huyo aliyetengwa naye ana kazi ngumu kuliko anavyoonekana. Lazima ateseke bila kufa moyo, akaribie, akoswekoswe, akaribie tena, mpaka mtu aliyeko jukwaa la juu kabisa aanze kuutamani ule mguso kana kwamba ni wake. Mkono ukigusa mkono, yule aliyekuwa akisubiri anaingia kama maji yaliyovunja ukingo, na ukumbi unalipuka.

Ndiyo, mshindi hupangwa. Kila anayefuatilia anajua, na bado naulizwa kila siku kama ni kweli au ni maigizo. Kinachonivuta mimi ni kwamba hata ukijua mshindi, hakuna karatasi inayoweza kumwamuru mtu mzima aliyelipa kiingilio asimame na kupiga kelele kwa sababu vidole vimekosana kwa inchi nne. Hilo ni la ufundi, na huonekana pale linapokosekana.

Kwenye maonyesho ya kila wiki, Raw na SmackDown, linakosekana mara nyingi kwa sababu ya kawaida kabisa: matangazo ya biashara. Mtu anatengwa, televisheni inakwenda kwenye matangazo, mnaporudi amebakisha hatua mbili afike kwenye kona yake. Yale mateso yenyewe, ambayo ndiyo moyo wa mechi, yamepita wakati mtazamaji wa nyumbani anaonyeshwa gari jipya. TakeOver ilirushwa kwenye WWE Network, huduma ya mtandaoni ya WWE yenyewe, na mechi zilikwenda bila kukatwa. Toronto ingekuwa kitu kingine kabisa kama ingekatwa vipande.

Mechi ya kwanza ya timu ilikuwa fainali ya mashindano ya Dusty Rhodes Tag Team Classic. Mashindano hayo yalianzishwa 2015, mwaka aliofariki Dusty Rhodes, mwanamieleka mkongwe aliyekuwa mlezi wa vijana wengi wa NXT. Fainali iliwakutanisha Authors of Pain, yaani Akam na Rezar, na TM-61, Waaustralia Nick Miller na Shane Thorne. Meneja wa Authors of Pain, Paul Ellering, alifungiwa ndani ya kizimba kilichoning'inizwa juu ya ulingo ili asiingilie. Wakubwa watamkumbuka Ellering kama meneja wa timu ya Road Warriors miaka ya 1980, na kumpa majitu mawili mengine ayaongoze lilikuwa wazo zuri.

Mechi hiyo ni ya uzito. Akam na Rezar ni watu wazito, wenye nguvu za kubeba mtu na kumtupa wanakotaka, na TM-61 wanaruka sana. Basi wanaruka, wanadakwa, wanatupwa. Inafurahisha, lakini ile kona haina maana ndani yake. Authors of Pain hawahitaji kumtenga mtu kwa akili, kwa sababu wanaweza kuwapiga wote wawili kwa pamoja. Walishinda, wakastahili, na sina la kuongeza.

Halafu wakapanda The Revival kutetea mikanda yao dhidi ya #DIY, mechi ya raundi tatu ambapo anayeshinda mbili ndiye mshindi.

The Revival ni Scott Dawson na Dash Wilder. Walikuwa timu ya kwanza kuitwaa mikanda ya timu ya NXT mara mbili, na kaulimbiu yao ilikuwa kwamba hawana sarakasi, wana ngumi tu. Walikuwa wanafunzi wa mieleka ya timu ya miaka ya 1980, ile ya kina Arn Anderson na Tully Blanchard, na Tully huyohuyo alikuja kuwa meneja wao miaka michache baadaye AEW, kampuni pinzani ya WWE. Ukitazama Dawson akiwa na mtu ulingoni, angalia miguu yake. Hapigi bila kujua kona ya mpinzani iko wapi. Anasimama katikati ya mtu na tumaini lake, kila mara, hata akiwa ameipa kona mgongo. Wilder naye yuko nje akimshughulisha refa, au akimchokoza aliyeko kona ya pili mpaka akaingia kwa hasira, refa akamgeukia kumtoa, na nyuma ya mgongo wa refa kazi ikaendelea. Hila hii ni ya kale na kila shabiki anaijua, ila wao waliifanya kwa wakati wake hasa kiasi kwamba bado unaikasirikia.

#DIY walikuwa Johnny Gargano na Tommaso Ciampa. Mwanzoni hawakuwa hata timu rasmi. Walikuwa wanamieleka wawili wa kujitegemea waliounganishwa kwa ajili ya mashindano yale ya Dusty Rhodes ya 2015, kisha wakapendwa. Mwaka 2016 walipangiwa kupambana wao kwa wao katika raundi ya kwanza ya Cruiserweight Classic, mashindano ya WWE ya wanamieleka wepesi, na Gargano akashinda. Wakabaki pamoja. Tarehe 20 Agosti 2016, kule Brooklyn, waliwavaa The Revival kwa mara ya kwanza katika TakeOver, na Gargano akasalimu amri baada ya goti lake kushughulikiwa mpaka likakataa. Toronto ilikuwa marudiano, na The Revival walijua goti lile liko wapi.

Huu mtindo wa raundi tatu si mgeni. Zamani mechi nyingi za ubingwa zilipigwa hivyo, na Mexico bado ni utamaduni. Kwenye mechi ya timu una faida ambayo waandaaji wengi huisahau: mwathirika anaweza kubadilika. Raundi ya kwanza The Revival waliichukua kwa njia wanayoimudu kuliko wote, wakamaliza kwa Shatter Machine, ule mkong'oto ambao mmoja anamrusha mtu juu na mwingine anampokea usoni kwa magoti mawili. Hapo #DIY wamebakiza kosa moja. Kuanzia sekunde hiyo kila mguso unaokosekana una bei mara mbili, na mechi haikuhitaji kuongeza kasi, kwa sababu wasiwasi uliongezeka wenyewe.

Ya pili wakairudisha #DIY kwa pigo lao la pamoja, goti la Ciampa na teke la Gargano vikikutana kwenye kichwa kimoja kutoka pande mbili. Tazama linavyopatikana: ni mara ya kwanza katika mechi ambapo wao wawili wanakuwa huru kwa wakati mmoja huku mpinzani akiwa peke yake. Yaani walichofanyiwa ndicho walichofanya. Hakuna mtangazaji aliyelazimika kukwambia, macho yanaona.

Raundi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Baada ya dakika kama 20 za kupigana, Gargano anamnasa mmoja wa The Revival kwa kabali yake, mkono na uso vimefungwa, mtu yuko chini kifudifudi. Mwenzake anapotaka kuja kuokoa, Ciampa anamdaka na kumkunja mkono, wanaanguka palepale. Sasa kuna watu wawili chini, wamekabwa wote, nyuso zinakaribiana. Kila mmoja anataka kupiga mkeka kusalimu amri. Na kila mmoja anaushika mkono wa mwenzake ili asipige.

Picha hiyo nimeisimamisha nikaitazama muda mrefu. Hawa ni wabaya wa hadithi. Timu yote imejengwa juu ya kuwanyima wengine mkono, na sasa wamebaki na mikono yao tu, mmoja akimzuia mwenzake asikate tamaa. Kwa sekunde chache unawaonea huruma, na huruma hiyo haiwapunguzii #DIY ushindi wao, bali inaukuza, kwa sababu unaona wanachokivunja si mkono wa mtu, ni ule mshiko. Kisha mshiko unaachia. Wote wawili wanapiga mkeka. Gargano na Ciampa ni mabingwa, na Toronto inapiga kelele kwa Wamarekani wawili kana kwamba ni watoto wa mtaani kwao.

Kosa la usiku ule lilikuwa mpangilio. Mechi hii iliwekwa katikati. Baada yake Asuka alimshinda Mickie James, na Samoa Joe akautwaa mkanda wa NXT kwa Shinsuke Nakamura. Zote ni mechi nzuri, lakini ukumbi ulikuwa umeshatoa pumzi yake yote. Ningekuwa mpangaji, ningefunga na mikanda ya timu bila kuomba radhi kwa mtu. Mechi ya ufunguzi, Bobby Roode na Tye Dillinger, Wakanada wote wawili, ilikuwa pale ilipostahili.

Kilichofuata kinaifanya Toronto iume zaidi. Mwezi Januari 2017, San Antonio, Authors of Pain waliwanyang'anya #DIY mikanda. Tarehe 20 Mei 2017, karibu na Chicago, #DIY wakajaribu kuirudisha kwenye mechi ya ngazi, ambayo mikanda huning'inizwa juu na lazima upande ngazi kuifikia, wakashindwa. Wakiwa wamesimama pamoja baada ya mechi, watu wakiwapigia makofi, Ciampa akamgeukia Gargano na kumpiga mpaka akamwacha hoi. Uhasama wao wa 2018, mechi tatu za TakeOver mfululizo, ni miongoni mwa bora za NXT. Lakini hautaujua uzito wake kama hukuwaona Toronto.

The Revival nao walipandishwa Raw siku moja baada ya WrestleMania ya 2017, na miaka iliyofuata kule juu haikuwatendea haki. Waliondoka Aprili 2020, wakaenda AEW kwa jina la FTR, wakijiita Dax Harwood na Cash Wheeler. Tarehe 23 Julai 2022, Lowell, Massachusetts, walipigana na ndugu wawili, Jay na Mark Briscoe, mechi nyingine ya raundi tatu, iliyopita dakika 40. Wapo wanaoiweka juu ya Toronto, na siwezi kuwabishia kwa nguvu, kwa sababu damu, uchovu na chuki vilivyokuwemo vilikuwa vya kiwango cha pekee. Mimi bado nabaki na Toronto kwa sababu ndani yake hakuna kilichozidi. Ina dakika kama 22 tu, na kila moja inafanya kazi.

Ukitaka kuifuatilia, usianze na Toronto yenyewe. Anza na Brooklyn ya Agosti 2016 ili uione hadithi ya goti la Gargano, kisha uje Toronto, kisha Chicago ya 2017. Na ukifika Toronto, raundi ya kwanza usimtazame anayepigwa. Mtazame Ciampa kwenye ukingo, ameshika kile kikamba, namna anavyonyoosha mkono hata wakati Gargano yuko mbali kiasi kwamba hakuna maana ya kuunyoosha.