Surua Haimkomazi Mtoto

"Mwache augue surua, akomae. Kinga ya kuugua ndiyo kinga yenyewe, hizo sindano ni kinga ya kuazima." Kauli hii naisikia kliniki hapa Moshi hadi mdomo umechoka kuijibu, kwa hiyo leo naiandikia. Mara nyingi msemaji ni bibi aliyeteremka kutoka Kibosho au Rombo kuja kumpikia mzazi mtori, na mama mwenye kadi mkononi anabaki kunitazama mimi. Shikamoo bibi, lakini hapana.

Nianze na lililo kweli. Aliyeugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena. Mwaka 1846 surua ilivamia Visiwa vya Faroe, na daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, akagundua kwamba wazee walioipata katika mlipuko wa 1781 haikuwagusa, miaka 65 baadaye. Kinga hiyo ipo na inadumu. Mimi nauliza bei yake. Mtoto huilipia kwa nimonia, kuhara na masikio kutoa usaha, na aliyepungukiwa vitamini A anaweza kupofuka kabisa. Bibi atasema, "Mbona sisi tuliugua wote na tupo?" Waliokufa hawaji kliniki kusimulia.

Hata aliyepona ameibiwa, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mwili ukishapambana na kijidudu, baadhi ya seli nyeupe za damu hubaki zikikikumbuka, kama daftari la mangi wa duka lenye majina ya wadeni. Kikirudi, kingamwili, yaani protini za damu zinazokikamata kijidudu, hutoka kwa wingi ndani ya siku chache, wakati mara ya kwanza ilichukua wiki moja au mbili. Sasa virusi vya surua huingia ndani ya seli hizo hizo zenye kumbukumbu na kuziua. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulilinganisha damu ya watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya kuugua surua: walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Kurasa zimechanwa. Mtoto anarudi kuwa mgeni kwa magonjwa ambayo mwili wake ulishayazoea. Huko ndiko kukomaa? Chanjo ina kirusi kilichodhoofishwa. Kinafundisha mwili kuijua surua na hakifuti kitu.

Tunachanja miezi 9, na tena miezi 18. Mapema zaidi, kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma huweza kukizima kirusi cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Hata kwa miezi 9, takribani watoto 15 kati ya 100 kinga haishiki. Dozi ya pili ni kwa ajili yao, na kwa kumtazama tu hutajua kama wako ni mmoja wao. Lakini mtoto akishatembea, kina mama wengi kliniki wanaisahau.

Mengine nayapitia haraka. Homa baada ya chanjo haimaanishi chanjo imeharibika au imemletea mtoto ugonjwa; ni mwili unafanya kazi. Homa ya chanjo ya surua huweza kuja wiki nzima baadaye. Ikizidi siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, mlete.

Maziwa ya mama ni kinga nzuri mno, nami nayapigia debe kila siku, ila hayaizuii surua.

Baridi ya Julai haizai mafua. Virusi ndivyo huyaleta, nasi tukijifungia ndani madirisha yamefungwa tunagawiana vizuri. Amoksilini ni dawa ya bakteria, haiviui virusi, wala haiongezi kinga.

Na hizo chupa za "kuongeza kinga" zinazopitishwa stendi? Kinga iliyopitiliza au kukosea adui ndiyo inayoleta mzio, pumu na baadhi ya magonjwa ya viungo. Pesa hiyo nunulia mayai na parachichi.

Mwisho, wale wanaosema muda umepita, chanjo haina maana tena. Ina maana. Hatuanzi upya, tunaendelea pale mlipoishia. Kadi ikipotea njoo hivyo hivyo, tutatafuta jina kwenye rejista.