Njumu ni nini, na kompyuta inaitiaje?

Ukitaja njumu mbele ya kijana wa Mafinga, atakutazama miguuni. Kwake njumu ni viatu vya mpira, vile vyenye meno chini. Seremala ana maana nyingine: nakshi ya kitu kilichopachikwa ndani ya kitu kingine, vikalingana uso mpaka ukipitisha kiganja hukwami popote. Inaweza kuwa fedha kwenye mpini wa jambia, pembe ndani ya mpingo kama kwenye viti vya enzi vya pwani, au ubao mweupe ndani ya ubao mwekundu.

Kwa hiyo kikombe cha mbao kilichoandikwa jina kwa leza si njumu, hata muuzaji akiapa. Pale ubao umeunguzwa tu, hakuna kilichotiwa. Njumu lazima iwe na shimo, na iwe na kipande cha kuliziba.

Shimo hilo lilichimbwa kwa patasi miaka na miaka, na bado linachimbwa hivyo. Siku hizi zipo pia mashine mbili zinazofuata mchoro wa kompyuta. Moja ni ruta, ambayo mafundi huiita CNC tu, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta: biti, kile kisu chake cha kukatia, inazunguka kwa kasi huku ikisogezwa kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Nyingine ni leza, mwanga uliokusanywa mahali padogo hadi unachoma. Ruta inakwangua, leza inaunguza, na shida za kila moja zinaanzia hapo.

Tuseme una sinia la mninga, na katikati unataka majani mawili na chipukizi, kama wachumaji wa chai wa Mufindi wanavyoyachuma. Majani utayakata kwenye paina ya shamba la miti la Sao Hill, maana weupe wake unasimama vizuri juu ya wekundu wa mninga. Unaweka biti ya milimita 3. Biti ni duara, kwa hiyo ncha ya jani ndani ya shimo haiwezi kuchongoka. Itabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Lakini kipande cha paina kinakatwa kwa nje, na huko ncha inatoka kali kabisa. Jani halikai. Pale majani mawili yanapokutana mambo yanageuka: shimo lina kona kali, kipande kina mviringo.

Wengine humalizia kona kwa patasi, wengine huzungusha kona zote kwenye mchoro tangu mwanzo. Mimi napenda njia ya tatu, biti yenye ncha kama penseli. Ikikaribia kona inapanda juu taratibu, mkato unapungua upana, na kona inatoka kali. Shimo linakuwa na kuta za mteremko. Kipande nacho kinachongwa kwa mteremko huohuo, mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, kisha kinapakwa gundi, kinakandamizwa kwa jiriwa kama kizibo, na kikikauka ziada ya juu inakatwa kwa msumeno.

Leza haina taabu ya kona, ila inakula ubao. Ikila milimita 0.2 nawe umekata shimo na kipande kwa mstari uleule, shimo limepanuka 0.1 kila upande na kipande kimepungua 0.1. Pengo la 0.2 linaonekana kwa macho, tena limezungukwa na weusi wa moshi. Dawa ni kukikuza kipande kwenye mchoro kabla ya kukata. Paina ina ukorofi wake pia: sehemu laini kati ya pete za ukuaji wa mti huungua kwa kina kuliko pete zenyewe, na sakafu ya shimo inatoka na mawimbi. Na usijaribu kutia njumu ya plastiki ya PVC kwa leza. Hewa inayotoka ina klorini, inadhuru mapafu na kula chuma cha mashine.

Sinia langu la kwanza nililitia paina iliyotoka kupasuliwa juzi. Lilipendeza. Baada ya wiki tatu karibu na jiko la mkaa, pembeni mwa jani pakafunguka ufa wa kuingiza ukucha. Ubao hunywea kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana, na kompyuta haijui kama mbao zako zimekauka. Sasa naziacha ndani kwanza, na nyuzi za kipande nazilaza upande mmoja na nyuzi za sinia.

Halafu kuna msasa, ambao ndio ulionitoa jasho zaidi. Vumbi jekundu la mninga linaingia kwenye nyuzi za paina na jani linageuka rangi ya chai kweli. Napuliza vumbi, napaka vanishi nyepesi mkono mmoja, naacha ikauke, ndipo nasugua tena.