Mapigo ya Moyo na Mazoezi ya Kupunguza Uzito: Maswali ya Watembeaji wa Dodoma

Kila asubuhi natembea Area D na wenzangu, lakini kilo hazishuki. Nakosea wapi?

Mnatembea au mnapiga soga? Mwendo wa kutosha ni ule unaokuruhusu kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Hicho ndicho kiwango cha wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuhema, umeingia kiwango kikali.

Mapigo yafike mangapi?

Chukua 220, toa umri wako. Utapata makadirio ya mapigo ya juu kabisa kwa dakika. Zoezi la wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, kali ni 70 hadi 85. Mwenye miaka 40 anapata 180, kwa hiyo wastani wake ni 90 hadi 126. Bonyeza vidole viwili kwenye kifundo cha mkono (pale mkono unapoungana na kiganja) upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Fanya upesi, kwani ukisimama mapigo hushuka. Oktoba na Novemba, jua la hapa likishachomoza, joto peke yake huyapandisha, basi tokeni mapema. Anayetumia atenolol au propranolol aiache hesabu hii. Dawa hizo hupunguza mapigo. Kipimo cha kuongea kinamtosha.

Jimu wanasema nikienda polepole ndiyo mafuta yanaungua. Kweli?

Nusu kweli, na nusu hiyo imepoteza muda wa wengi. Katika mwendo wa polepole, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, ila jumla ya nishati ni ndogo. Ukipandisha kilima cha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa nguvu, mafuta huchangia sehemu ndogo zaidi, lakini kwa muda uleule unatumia kalori nyingi zaidi. Kinachoamua uzito ni jumla ya ulichotumia dhidi ya ulichokula. Nusu saa ya kutembea haraka humgharimu mtu wa kilo 70 kama kalori 150. Soda moja ya mililita 350 inazirudisha karibu zote.

Kwa wiki nifanye muda gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za wastani, au 75 hadi 150 za nguvu. Ongeza kidogo kidogo.

Nisimame lini?

Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika isivyo kawaida. Simama hapohapo, kifua kisipoachia, nenda hospitali, usisubiri kesho.